Msahafu, chuo na kuhifadhi: Simu inavyoyahamisha maneno ya Lamu

Msomaji mmoja wa safu hii, mama wa mtaa wa Langoni kisiwani Lamu, ameniletea swali ambalo nimekaa nalo wiki nzima. Anasema kijana wake humwambia kila asubuhi, "Mama, nishasoma msahafu," ilhali mkononi hana kitu ila simu. "Sasa mwalimu," anauliza, "simu nayo ni msahafu? Au vijana wa siku hizi wanatuharibia lugha?"

Wapo watakaosema hilo ni suala la masheikh, si la safu ya lugha. Mimi naona ni la pande zote mbili. Huwezi kutoa hukumu ya msahafu kabla hujajua neno msahafu linataja nini. Hebu basi tuanze na neno.

Msahafu limetoka kwa Kiarabu mus-haf, na mzizi wake ni ule ule wa sahifa, yaani karatasi au ukurasa. Msahafu kwa asili ni kurasa zilizokusanywa baina ya majalada mawili. Waarabu wametumia mzizi huo huo kuundia neno la uandishi wa magazeti, kwa hiyo msahafu na gazeti hili ni watu wa ukoo mmoja, ingawa heshima zao hazilingani! Kurani ni neno jingine kabisa. Mzizi wake una maana ya kusoma, na hasa kusoma kwa sauti. Kwa hiyo jina moja ni la karatasi na jingine ni la sauti. Kwa karne nyingi majina hayo mawili yalikwenda pamoja hata tukasahau kwamba ni mawili. Simu imekuja kuyatenganisha.

Tazama jambo la udhu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, asiye na udhu hagusi msahafu. Je, simu yenye Kurani ndani? Wanazuoni wengi wa zama hizi wamejibu kwamba simu haina hukumu ya msahafu, kwa sababu maandishi yake hayakukaa juu ya kitu. Ni mwanga unaokuja na kuondoka, na dakika hiyo hiyo kioo hicho huonyesha bei ya samaki. Wapo wanaoongeza kwamba kutawadha ni bora, kwa ajili ya adabu. Ukitazama vizuri utaona kwamba jibu hilo la kifikihi limesimama juu ya maana ya neno: msahafu ni kitu kinachoshikika.

Jibu langu kwa mama wa Langoni, basi, ni hili. Kijana akisema "nimesoma Kurani kwenye simu" amesema sawasawa kabisa. Akisema "nimesoma msahafu" amelipanua neno, wala hajaliharibu. Maneno ya elimu yamezoea kuhama, na Lamu yenyewe ni shahidi.

Chukua neno chuo. Leo ukimwambia mtu wa Nairobi "chuo" atafikiria chuo kikuu. Mtu wa pwani atafikiria kwanza mahali watoto wanaposomeshwa Kurani. Lakini katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa kitabu. Ule utenzi mkongwe tunaouita Utendi wa Tambuka, ambao Bwana Mwengo wa Athumani aliutunga Pate na ambao hati yake ina tarehe inayolingana na mwaka 1728, hujulikana pia kama Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha Herekali. Kitabu kikawa jina la mahali kinaposomwa, na mahali pakawa jina la taasisi inayotoa shahada.

Kuna jingine tamu zaidi. Neno mwanazuoni tunalolitumia Kenya na Tanzania nzima lina Kiamu tumboni mwake. Kiamu na lahaja jirani zake husema zuo pale Kiunguja kinaposema vyuo, kama vile husema zombo badala ya vyombo. Mwanazuoni basi ni mtu wa vitabuni. Kila tunapomtaja msomi kwa neno hilo tunasema Kiamu bila kujua. Swali la zama zetu ni hili: yule anayesoma bila kitabu mkononi, naye tutamwita mtu wa wapi?

Neno la tatu ndilo linalonishughulisha zaidi. Kuhifadhi. Chuoni, kuhifadhi ni kuiweka Kurani kifuani. Mtoto huanza na herufi, akaandikiwa ubaoni, akasoma, ubao ukaoshwa ukaandikwa tena. Huingia juzuu ya Amma, ile ya 30 yenye sura fupi fupi, akapanda polepole mpaka ahitimu. Aliyezihifadhi sura zote 114 huitwa hafidh. Sasa fungua simu iliyowekwa lugha ya Kiswahili utazame kitufe cha kuweka picha au faili. Kimeandikwa "Hifadhi". Neno ni lile lile, lakini kinachohifadhi ni chombo, na mwenye chombo hana habari na kilichomo. Zamani ukisema "nimeihifadhi" watu walikuomba usome. Leo ukisema "nimeihifadhi" huenda wakakuomba uwatumie.

Sisemi haya ili kulaumu. Masimulizi ya maandiko matukufu katika visiwa vya Lamu ni masimulizi ya vyombo vinavyopokezana. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na waandishi wa mkono waliosifika kwa misahafu yenye mapambo ya rangi, ambayo leo watafiti kama Zulfikar Hirji wameichunguza kwa makini. Kisha zikaja nakala za mtambo kutoka Bombay na Misri, za bei nafuu, na kazi ya mwandishi wa Siyu ikapungua mpaka ikakoma. Mwaka 1924 ikatoka chapa ya Cairo, ambayo iliufanya mpangilio mmoja wa maandishi ujulikane karibu ulimwengu mzima. Baadaye zikaja redio na kaseti. Ustadh Mahmoud Mau, imamu na mshairi wa Lamu, alitunga Wasiya wa Mabanati mwaka 1974 kuwaonya mabinti, na utungo huo ulienea kwa kaseti nyumba hadi nyumba. Kila chombo kilifungua mlango na kufunga mwingine. Simu nayo ndivyo.

Mlango mmoja iliofungua uko palepale Langoni. Msikiti wa Riyadha uliasisiwa na Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyefariki mwaka 1935. Wanaokwenda Maulidi ya Lamu wanaujua. Habib Swaleh anakumbukwa kwa jambo moja kubwa: aliwafungulia darsa watu wa tabaka za chini, wakiwemo waliotoka katika utumwa na vizazi vyao, wakati ambapo elimu ya juu ya dini ilikuwa mali ya nyumba chache za ukoo. Kwa hiyo swali la nani aruhusiwe kuyafikia maandiko halikuletwa na intaneti. Lamu imebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 100.

Riyadha ina hazina ya hati za mkono: fikihi, sarufi ya Kiarabu, maulidi, dua, tasawufi. Nyingi zina maandishi ya wakfu, yanayosema kitabu kimetolewa kwa ajili ya wanafunzi na hakiuzwi. Kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, mwanahistoria Anne Bang wa Norway na wenzake walizipiga picha hati hizo na kuziweka mtandaoni chini ya namba EAP466. Utaratibu wa mradi huo ni kwamba hati zenyewe haziondoki zilipo; kinachosafiri ni picha.

Mtu anaweza kusema, basi tumemaliza, zimehifadhiwa. Ngoja kwanza. Mwezi wa Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilivamiwa na wahalifu wa mtandaoni, na huduma zake nyingi zikazimika kwa miezi mingi, picha za mradi huu zikiwemo. Kwa kipindi hicho mwanafunzi wa Bergen au Boston aliyekuwa akizitegemea alikuta patupu. Mwanafunzi wa Lamu aliyeweza kutembea mpaka kabatini aliendelea kusoma. Hapo ndipo utaona tofauti ya kuhifadhi na kuweka nakala. Karatasi huliwa na mchwa na chumvi ya bahari, picha hutegemea mashine ya mtu mwingine, kifua hutegemea umri. Ukiwa navyo vyote vitatu una nafuu kuliko ukiwa na kimoja.

Hapa nataka nitofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya wanaposema "dijitali". Kuna picha na kuna matini. Picha ya ukurasa inakupa kila kitu kilichomo, pamoja na pambizo. Na pambizoni ndiko wanazuoni walikokuwa wakizungumza. Mmoja ameandika maana ya neno gumu, wa pili amemsahihisha, wa tatu ameandika siku aliyozaliwa mwanawe. Lakini picha huwezi kuitafutia neno. Matini ni kinyume chake. Programu ya Kurani kwenye simu hukuletea neno lolote katika aya zote 6,236, kwa hesabu iliyozoeleka, kabla hujapepesa jicho. Kazi hiyo zamani ilihitaji faharasa nene kama ile ya Mmisri Muhammad Fuad Abdul-Baqi. Ila matini haina pambizo. Ukiandika maelezo yako kwenye programu, yatakufa na simu yako. Mjukuu wako hatayaona.

Baina ya hizo mbili zimekwama hati zetu za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tenzi za dini za Pate, Siyu na Lamu ziko katika mkusanyo wa SOAS kule London na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nyingine zimo majumbani. Picha zinapatikana, lakini mashine ikijaribu kuzisoma hujikwaa, na sababu ni ya kiisimu. Irabu za Kiarabu zilizotumika ni tatu: fataha, kasra na dhuma. Kasra hubeba i na e, dhuma hubeba u na o. Tena waandishi wa kale hawakuwa na herufi ya p, wakatumia be. Chukua be mbili, kila moja na kasra yake. Unaweza kusoma bibi, pipi au pepe. Na kwa kuwa wengi hawakuandika m mbele ya b, unaweza hata kusoma pembe! Anayejua Kiswahili hutambua palepale kwa maana ya ubeti. Mashine haina ubeti kichwani. Kevin Donnelly alitengeneza programu aliyoiita Andika! ili kurahisisha uchapaji wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kuyageuza maandishi hayo kuwa ya Kilatini. Hata hivyo chombo kama hicho kinamhitaji mzee wa Lamu kando yake zaidi kuliko mzee anavyokihitaji chombo.

Sasa tuje kwa kosa ambalo mimi naliona kila Ijumaa kwenye vikundi vya WhatsApp. Mtu anaandika, "Kurani inasema," kisha anaweka sentensi ya Kiswahili bila jina la mfasiri. Waislamu wote wanajua kwamba Kurani ni Kiarabu na kwamba Kiswahili kile ni maneno ya binadamu aliyejitahidi. Waliojitahidi ni wengi na hawakufanana. Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa Unguja, alitoa tafsiri yake mwaka 1923. Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya alitoa yake mwaka 1953. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikamilisha Qurani Takatifu mwaka 1969. Ali Muhsin al-Barwani, aliyewahi kuwa waziri Zanzibar kabla ya mapinduzi ya 1964, alitoa yake mwaka 1995. Anayezisoma zote ataona kwamba aya moja inaweza kuelekezwa kwingine kwa neno moja tu.

Kitabu cha al-Farsy kina maelezo yake chini ya aya. Msomaji hawezi kuruka bila kuyaona. Kwenye simu kawaida utapata sentensi tupu. Angalia pia jina kamili la kitabu cha al-Barwani: Tarjama ya Al-Muntakhab katika Tafsiri ya Qur'ani Tukufu. Mzee huyo alitumia maneno mawili makusudi. Tarjama, ambayo wengi wetu huiita tarjuma, ni kugeuza lugha. Tafsiri, kwa watu wa chuoni, ni kufafanua makusudio. Kiswahili cha shuleni kimeyachanganya, kikaita kazi zote mbili "tafsiri". Chuoni tofauti hiyo haikupotea, kwa sababu mwalimu alikuwa mbele yako, alitarjumu kwanza, kisha akasema, "na makusudio yake ni haya." Simu hutoa ya kwanza, halafu msomaji hudhani amepata zote mbili.

Hatari hiyo imezidi tangu programu za akili unde zianze kujibu maswali ya dini. Hujibu kwa Kiswahili kisafi na kwa utulivu wa mufti, na wakati mwingine hutaja hadithi ambayo haipo kitabu chochote. Wanazuoni wetu walikuwa na dawa ya maradhi haya kabla hayajazaliwa: sanadi. Elimu ilikwenda na mlolongo wa majina, fulani kutoka kwa fulani, mpaka kwa mwenye neno. Aliyekamilisha kitabu kwa sheikh alipewa ijaza, ruhusa ya kukifundisha. WhatsApp nayo ina mlolongo wake. Tangu mwaka 2018 huweka alama kuonyesha ujumbe umetoka kwingine, na mwaka 2019 ikapunguza idadi ya mazungumzo unayoweza kuyapelekea kwa mkupuo hadi matano. Lakini mlolongo huo hauna jina hata moja. Unajua ujumbe umepita mikononi mwa watu. Hujui ni akina nani. Hiyo ni sanadi iliyotolewa watu.

Je, yote ni hasara? Hapana, na mama aliyeniuliza ni ushahidi. Wanawake wengi wa Lamu huswali nyumbani, na darsa za misikitini waliziokoteza kwa kipaza sauti, na baadaye kwa kaseti na redio. Leo darsa inaingia jikoni, inasimamishwa nazi ikunwe, inarudishwa nyuma pale alipopitwa. Anaweza kutuma swali kwa sauti yake mwenyewe na akajibiwa. Halafu kuna faida ya lugha ambayo haisemwi sana. Mtu wa Lamu akiandika huandika Kiswahili sanifu, kwa sababu ndicho alichofunzwa shule: njia, moja, macho. Akirekodi sauti husema ndia, moya, mato. Kwa miaka mingi tuliogopa kwamba Kiamu, lahaja iliyobeba tenzi, kitazikwa na maandishi. Ujumbe wa sauti umekipa pumzi. Sheikh anafasiri aya kwa Kiamu, na Mwamu aliyeko Muscat au Toronto anamsikia kama yuko barazani.

Kuna vilevile mambo ambayo simu haiyawezi, na ni vizuri tuyajue. Pwani yetu ina kombe: aya huandikwa kwa zafarani juu ya sahani, huoshwa kwa maji ya waridi, na mgonjwa hunywa. Wapo masheikh wanaolikubali na wapo wanaolikataa. Sina haja ya kuingia katika ugomvi wao. Kinachonigusa ni wazo lililomo, kwamba maandishi yana mwili. Ubao uliooshwa, wino wa masizi, karatasi yenye harufu, pambizo lenye mwandiko wa babu. Kioo hakioshwi kikanywewa.

Nimemjibu mama kwamba asimkataze kijana. Nimemwomba afanye mambo matatu, na nawaomba wasomaji wote. La kwanza, aya ikitumwa kwa Kiswahili iende na namba ya sura, namba ya aya na jina la mtarjumu, na tuseme "al-Farsy ametarjumu" au "al-Barwani ametarjumu" badala ya "Kurani inasema". La pili, mwenye kitabu cha mkono nyumbani akipige picha, pambizo na majalada kwa pamoja, amwonyeshe mtu anayejua kukisoma, na karatasi yenyewe asiitupe. La tatu, kijana akisema ameihifadhi aya, aombwe aisome bila kuangalia.

Hili la tatu ndilo kipimo. Kuhifadhi kwa simu kutaendelea na ni kwema, kama ilivyokuwa kwema kuchapisha. Ila siku tutakapolisahau kabisa lile la kifuani, neno litabaki kwenye kitufe na maana yake itakuwa imeondoka Lamu kimya kimya. Mwanazuoni alikuwa mtu wa vitabuni, na watu walipotaka elimu walijua pa kumpata. Tukimpoteza huyo, kioo kitajaa maandishi na hatutakuwa na wa kumuuliza, "Haya umeyapokea kwa nani?"